Ubao Uliokaa Juu ya Moto Wangu

Mwezi wa saba, mwaka 1957, nyumba ya Fundi iliungua mchana, na humo ikapotea randa yake. Vilipotea pia msumeno, patasi, nyundo, kikapo cha misumari aliyokuwa akiinyoosha kwa mkono, kitanda na blanketi. Yeye alikuwa amekwenda Mweso. Aliporudi na kuona majivu, hakuuliza habari za kitanda wala blanketi. Alichukua fimbo akachokora mpaka akaupata ulimi wa randa, kile chuma kipana chenye makali kinachokaa katikati yake. Ulikuwa umebadilika rangi. Akaupuliza majivu, akaupitisha kwenye kidole gumba.

"Imekufa," akasema. "Chuma ikiungua vile, haishike tena makali."

Mbao zake hazikuungua hata moja, kwa sababu hazikuwa kwake. Zilikuwa kwetu, jikoni mwa wanawake wa kijiji cha Burungu.

Sasa Fundi naye hayupo. Habari niliipata kwa mwanamke anayeleta mafuta ya mawese kutoka Walikale. Alikuwa akinipimia mafuta, akasema, "Ule fundi yenu wa zamani, tulimuzika." Kisha akaendelea kupima. Sikumwuliza mengi, na hata yeye hakujua mengi.

Jina alikuwa nalo, lakini kwetu hakuna aliyelitumia. Fundi wa mbao alikuwa mmoja tu, basi tulimwita Fundi. Alikuwa mtu wa msituni, mfupi, mwenye mabega mapana na shingo iliyoinama kidogo upande, kama mtu anayesikiliza kitu. Kwa kweli alikuwa anasikiliza. Kazi yake aliifanya kwa sikio kuliko kwa jicho.

Kwetu milimani mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Ubao mbichi ukiuacha nje unaota ukungu, na jua likitoka ukauanika haraka, unapinda kama jani la mgomba. Fundi alikuwa na njia yake. Akishapasua mbao msituni na kuzileta, alizigawa nyumba kwa nyumba. Kila jiko la kwetu lina utara, ile dari ndogo ya fito juu ya mafiga, tunapokaushia mbegu, kuni za wakati wa mvua, na nyama siku ikipatikana. Fundi alikuja na ubao begani, akapiga hodi, akasema:

"Mama, nimekuletea mugeni. Haombe chakula, haombe pombe. Analala tu."

"Atalala mpaka lini?"

"Atasema mwenyewe."

Akaupandisha juu ya utara, akaupa moshi. Baada ya hapo alipita mara kwa mara. Aliingia, akasalimu, akanyoosha mkono juu, akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Ubao wenye maji hutoa sauti nzito, kama kugonga mtungi uliojaa. Uliokauka unalia. Ukiwa haujalia, alisema "Bado," akatoka. Hakukaa. Kama ulikuwa unalia, aliushusha bila kusema kitu, akatoka nao, na wewe uliyeuvumilia miezi yote ukabaki unatazama nafasi yake.

Kila mwanamke alijua ubao wake. Ubao ukishakuwa etajeri, rafu ya kuwekea vitu, kwenye ukuta wa mtu, mama aliyeulea moshini alialikwa kuja kuuona, akapewa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Fundi ndiye aliyeanzisha jambo hilo, likawa desturi ya kilima chetu. Jirani yangu, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Jirani kwa kuwa alikuwa jirani wa watu wote kwa mdomo wake, alikuwa akienda hata bila kualikwa. Alisimama mlangoni na kusema, "Nimekuja kuona mutoto wangu. Munamulisha muzuri?" Akakaa mpaka kibuyu kiishe.

Ubao wa Mama Jirani ndio ulioleta aibu ya Kirolirwe.

Kule Kirolirwe ni kwa wafugaji. Mfugaji mmoja aliagiza etajeri ya kuwekea vyombo vya maziwa, vile vya mbao vyenye mifuniko ya ukindu. Fundi akaitengeneza, akaenda kuitia ukutani, akarudi. Haukupita muda mrefu, mfugaji akatokea Burungu na etajeri kichwani. Ametembea nayo njia yote. Akaitua mbele ya Fundi.

"Fundi, maziwa yangu inanuka samaki."

"Ngombe yako ilienda kuoga?"

"Usinichekeshe. Bibi yangu amekataa kulala mu nyumba na hii kintu. Anasema ao mimi ao ubao."

Fundi akainama, akaunusa. Haikutosha, akaulamba. Tulikuwa pale wengi, tukaona. Akatema mate pembeni, akageuka kumtazama Mama Jirani, ambaye ndugu zake walikuwa wakileta samaki kutoka ziwani Mokoto na kuwakausha juu ya moto wake.

"Sasa nisipike?" akauliza Mama Jirani. "Ubao yako njo itanifundisha chakula?"

Fundi alikwenda nyumba ya bibi mmoja mzee asiyekuwa na meno, aliyekula viazi vitamu tu asubuhi na jioni, akaugonga ubao wake, akaushusha, akamfanyia mfugaji etajeri nyingine. Hiyo haikurudi. Tangu siku hiyo, kabla ya kumpa mtu ubao, alimwuliza kwanza anapika nini. Ilifika mahali Fundi akajua vyungu vyetu kuliko waume zetu. Ubao wa etajeri ya vyombo vya kanisa alimpa mwanamke aliyekuwa amekatazwa nyama na ugonjwa wake.

Alikuwa Mkristo, alivaa rozari shingoni. Lakini kabla ya kuangusha mti, nimeambiwa na waliokuwa naye, aliweka panga chini, akakaa karibu na shina, akasema na mti kwa lugha ya kwao. Katekista alimwuliza juu ya jambo hilo mbele ya watu, baada ya misa.

"Fundi, unaomba mti?"

"Siombe. Namuambia kazi atafanya."

"Na mti anajibu?"

"Kama angejibu ningekimbia," Fundi akasema, na katekista mwenyewe akacheka.

Hakupenda kusifiwa. Ukimwambia kazi ni nzuri, aliikagua upya, akatafuta kasoro mpaka aipate, akaondoka amenuna. Hakupenda mbuzi. Mtu mzima yule alikuwa akigombana na mbuzi njiani, akiwaambia maneno ambayo hata Mama Jirani hakuyatumia. Alipenda chumvi. Aliitia kiganjani akailamba kidogokidogo huku anatazama ubao, kama wengine wanavyovuta tumbako.

Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na etajeri. Kuta zilikuwa tupu kabisa. Vifaa vyake vilikaa katika vikapu vilivyoning'inia kwenye paa kwa kamba, kama wanavyofanya msituni. Tulimtania: fundi wa kuta, na ukuta wake uko uchi. Alijibu, "Wacha ipumuzike. Mimi nagonga za wengine kila siku." Vikapu hivyo ndivyo vilivyoshika moto kwanza, nyumba ilipoungua, kwa sababu moto ulianzia kwenye majani ya paa.

Nilimwona mara nyingi akitia etajeri kwenye nyumba za watu. Kwanza aliomba vitu vitakavyokaa juu yake. Haikutosha kumwambia, alitaka vitolewe, viwekwe juu ya ubao pale chini uani, avione na kuvipima kwa mkono. Mtu asiyekuwa na kitu cha kuweka, alimrudisha. "Ukipata kintu, niite." Kisha aliingia ndani na kuugonga ukuta. Kuta zetu ni fito na udongo, na msumari ukiupiga kwenye udongo mtupu unatoka na kipande cha nyumba. Fundi alitafuta nguzo zilizofichwa ndani. Aliziita mifupa. Alienda akigonga, sikio karibu na ukuta, mpaka sauti ibadilike, akatia alama ya mkaa. "Mufupa iko hapa." Katika niliyoyaona hakukosea, ila mara moja, na siku hiyo alilaumu mbuzi waliokuwa wanalia nje.

Mikono ya etajeri, ile miwili inayoibeba kutoka chini, hakuichonga kutoka mbao. Aliikata kutoka mahali tawi linapotoka kwenye shina, pale penye kiwiko. Alisema kiwiko cha mti kimezoea kubeba.

Sasa niseme juu ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa mpasuaji mbao, na alipasua na Fundi. Gogo huwekwa juu ya miti, shimo likachimbwa chini yake. Mtu mmoja husimama juu ya gogo na kuangalia mstari. Huyo alikuwa Fundi. Mwingine huingia shimoni na kuvuta msumeno mrefu kwenda chini. Huyo alikuwa mume wangu. Wa chini ndiye anayekata kweli, na ndiye anayekula unga wa mbao. Ndiyo maana alikuwa na kofia ya kitambaa kigumu, aliyoivuta mpaka machoni. Mume wangu alitumia mkono wa kushoto. Wapasuaji wengine hawakutaka kufanya kazi naye, walisema msumeno wake unaenda vibaya. Fundi alimzoea. Walikwenda pamoja msitu wa Walikale, wakakaa huko majuma, wakarudi na mbao.

Mwaka 1952 walikwenda, na mume wangu akarudi amebebwa kwenye kitanda cha miti. Homa ilimkamata shimoni. Alifika nyumbani akiwa hai, alinitambua, akaomba maji, akauliza kama maharage yamevunwa. Juma halikwisha.

Fundi alikuja baada ya maziko. Alikuwa amebaki msituni kumaliza gogo. Alileta vitu vya mume wangu: blanketi, panga, wembe wa kunyolea, kikombe cha bati, na ile kofia. Na alileta ubao mmoja, ameubeba begani kutoka Walikale. Hakulia, wala hakusema maneno ambayo watu husema. Alipanda juu ya kinu, akaulaza ubao juu ya utara wangu.

"Hii ni yako," akaniambia. "Ikikauka, nitakutengenezea etajeri ya vitu yake."

Nikasema asante. Niliona ni jambo jema, na kwa hali yangu lilikuwa kubwa kuliko yeye alivyojua.

Katika ukoo wa mume wangu, vitu vya marehemu vikikaa chini, ndani ya kikapo, ndugu zake huweza kuvichukua mmoja mmoja bila kuuliza. Si wizi. Ni kwamba havijapata mahali. Kuvitundika kwenye kijiti hakusaidii, kwa sababu kijiti ni cha kila kitu, hata mfuko wa mbegu. Lakini kama ndani ya nyumba kumetengenezwa mahali kwa ajili yake yeye, vitu vikiwekwa hapo vimekaa, na anayevitaka lazima aombe, na mwenye nyumba anaweza kukataa.

Basi nilingoja etajeri.

Msimu wa jua ulipita. Mbao za wanawake wengine zililia, zikashushwa. Fundi aliingia kwangu, akanyoosha mkono, akagonga, akasikiliza. "Bado." Mvua zikaja, zikaenda. Akaingia, akagonga. "Bado, Mama. Tungoje."

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja siku moja kutusaidia kulima, mimi na mtoto wangu. Si mtu mbaya. Alilima sehemu kubwa kuliko mimi. Jioni akatazama kikapo pembeni.

"Shemeki, hii panga ya kaka inalala bure."

Akaichukua. Mwaka mwingine, wakati wa baridi, mtoto wake alikuwa na kikohozi, akachukua blanketi. Wembe sikumwona akiuchukua, lakini nilimwona amenyoa vizuri siku ya Pasaka, na nilipotazama kikapo nilijua. Kila kitu kilipotoka, kikapo kiliinuka kidogo.

Nilimwambia Fundi achukue ubao mwingine, mkavu, anifanyie tu. Alitikisa kichwa.

"Yako njo ile pale."

"Hata haukauki."

"Bado," akasema, akatoka.

Mama Jirani naye hakuninyamazia. "Ule ubao yako, wataubatiza lini?" Siku nyingine: "Mutoto wako ataoa, ubao bado." Siku nyingine alisema mbele ya watu kisimani kwamba huenda si ubao ambao haujaiva, ni Fundi anayefuata maharage ya mjane. Wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ukikasirika kisimani unateka maji yenye neno. Lakini tangu siku hiyo Fundi akija nilikaa mlangoni, watu wanione. Hakugundua. Aliingia akitazama juu, akatoka akitazama njia.

Mpaka nyumba yake ilipoungua, vilikuwa vimebaki kikombe na kofia.

Baada ya moto, Fundi alilala kwa katekista. Akaazima msumeno mdogo kwa mtu anayekaa kando ya barabara, akaazima nyundo. Randa hakuipata, aliyekuwa nayo hakuwa tayari kuiazimisha. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akishusha mbao zake. Alisema anarudi kwao Walikale, huko kuna fundi mwenye vifaa, atakwenda kufanya kazi chini yake. Mtu wa umri ule kwenda kuwa chini ya mwingine. Hakulalamika. Aliuza mbao zingine, zingine aliwaachia waliozilea.

Kwangu alikuja mwisho. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nachambua maharage. Hakugonga. Alipanda juu ya kinu kama siku ile ya kwanza, akaushusha ubao, akatoka nao uani, akakaa, akaulaza magotini. Ulikuwa mweusi tititi. Akaomba maji na kitambaa, akaanza kuufuta masizi, taratibu, upande mmoja. Kisha akaniita.

"Mama, kuya uone."

Nikaenda na ungo wangu.

"Unaona hii mistari? Njo meno ya msumeno. Inalala wapi?"

Nikainama. Mbao zote zilizopasuliwa kwa mkono zina mistari hiyo mpaka randa izipitie. "Kushoto."

"Njo mukono yake. Mu Burungu yote, hakuna mwingine anaacha mistari ya kulala vile." Akasogeza kidole juu ya ubao, polepole, kikapita katikati, kikasimama. "Na hapa?"

Mistari iligeuka. Kutoka pale mpaka mwisho wa ubao ililala kuume, kama ya watu wote.

"Hapa njo aliachia," Fundi akasema. "Aliniambia: Fundi, wacha nipumuzike kidogo. Akalala pale chini, mu kivuli ya gogo. Nilifikiri ni usingizi. Kesho yake nikaita muntu mwingine tumalize."

Niliweka kidole changu pale alipokuwa ameweka chake. Palikuwa na kikwaruzo kidogo, kama hatua, mahali ambapo msumeno ulisimama na kuanza tena.

"Sababu gani hukuniambia?"

"Etajeri inapita mu randa, Mama. Na randa inakula mistari yote. Nilikuja kila mara nikiwaza, leo nitaishusha. Nikigonga, mukono inakataa."

"Ilikauka lini?"

Akafuta tena mahali ambapo palikuwa pamekwisha kuwa safi.

"Mbele ya mvua ya kwanza."

Nilihesabu moyoni vitu vilivyotoka kwenye kikapo tangu mvua ya kwanza. Nikamwambia. Nilimwambia blanketi imekwenda, panga imekwenda, wembe umekwenda, na kwa nini vimekwenda. Nilisema bila kupaza sauti, lakini nilikuwa nimekasirika, na maharage machache yalimwagika kutoka kwenye ungo.

Fundi aligeuza kichwa, akatazama ndani ya nyumba yangu, chini, pembeni, penye kikapo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Sikujua," akasema. "Nilikuwa naangalia juu tu."

Kuku akaja kuokota maharage. Mwishowe Fundi akasema, "Lete vitu yake."

Nikaleta kikombe na kofia. Akaviweka juu ya ubao, akavisogeza, akavitazama muda mrefu kuliko vitu viwili vinavyostahili.

"Ubao ni murefu kwa hivi viwili," nikamwambia. "Kata."

"Nikikata huku, namukata yeye. Nikikata huku, nakata pahali aliachia." Akatikisa kichwa. "Tutatafuta ukuta murefu."

Kisha akaniuliza upande gani uwe juu. Upande mmoja angeusugua kwa majani ya msasa, yale makali ya porini, mpaka uwe laini kidogo. Wenye mistari hangeugusa. Mimi nilidhani wenye mistari unapaswa kuwa juu, kwa heshima. Fundi aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, pale ninapokaa kila siku nikisonga ugali, akainua uso kuelekea ukutani.

"Ukiweka juu, utaona kikombe tu," akasema. "Ikiwa chini, ukikaa hapa unaiona."

"Basi chini."

Kazi aliifanya siku ile ile. Viwiko vya tawi alikuwa amekuja navyo ndani ya kikapo, amekwisha kuvikata; hapo nikajua kwamba alikuja ameamua. Patasi ya kutobolea hakuwa nayo. Alitoa ulimi wa ile randa iliyoungua, akautia katika moto wangu mpaka ukawa mwekundu, akaushika kwa koleo la mti mbichi, akauchoma nao ubao mahali pa kuingiza viwiko. Chuma kilichokuwa hakishiki makali kilishika moto vizuri. Kilikuwa kipana, kikatoa tundu pana la mraba. Moshi ulitoka, ukanuka ubao, maharage na miaka mitano ya jiko langu. Alichoma, akakwangua, akachoma tena. Mara moja tu alisema, "Mbuzi ya nani ile?" na nikamfukuza.

Akaugonga ukuta, akapata mifupa, akatia mkaa. Akatoboa kwa kijiti cha chuma cha moto, akapigilia vigingi vya mti mgumu, akapandisha etajeri. Akaning'inia juu yake kwa mikono miwili, miguu ikiacha ardhi. Haikuyumba.

Niliweka kikombe. Kisha kofia.

Maharage yalikuwa yameiva. Nikamtengea Fundi, naye akakaa kwenye kigoda changu bila kuombwa. Alikuwa bado anakula shemeji yangu alipoingia, ametoka shambani, na panga ya kaka yake mkononi. Alisalimu, akaketi, nikampa sahani. Alipotaka maji ya kunywa akageuka kwenye kikapo kutafuta kikombe, kama alivyozoea. Kikapo kilikuwa kitupu. Akainua macho.

Alitazama ukuta kwa muda. Alitazama kofia.

"Shemeki," akasema, "naweza kuomba kikombe cha kaka, ninywe maji?"

Nikakishusha, nikamtilia maji. Akanywa. Akataka kukiweka chini kando ya mguu wake, akasita, akanirudishia. Nikakifuta, nikakirudisha mahali pake. Fundi aliendelea kula, hakutazama upande wetu. Shemeji hakuulizia kofia, si siku ile wala baadaye. Panga aliondoka nayo jioni, nami sikuidai. Ilikuwa imekwisha kumzoea.

Mama Jirani alitokea mlangoni kabla sahani hazijaoshwa. Alikuwa amesikia nyundo. Alisimama akaiangalia etajeri kuanzia mwisho huu mpaka mwisho ule, akakunja midomo.

"Fundi, upande wa chini hukupiga randa. Umechoka?"

"Randa imekufa," Fundi akasema.

"Njo vile unamuachia mjane kazi ya nusu?"

Fundi akanitazama. Mimi nilisema, "Nilimwambia aache hivyo," na Mama Jirani akaiacha etajeri, akaomba kasiksi. Sikuwa nayo. Nilimpa maharage.

Fundi alinawa mikono. Ulimi wa randa ulikuwa umepoa. Akauzungusha jani la mgomba, akautia kikapuni. Akasimama chini ya etajeri, akanyoosha mkono, akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole, mara moja, pale katikati mistari inapogeuka, na shingo yake ikainama upande. Mimi, shemeji na Mama Jirani tulimsikiliza anavyosikiliza. Ubao ulilia.

Hakusema "Bado". Aliweka kikapo kichwani, nikamsindikiza mpaka mwisho wa migomba, akaniambia, "Ubaki muzuri, Mama," akateremka njia ya Walikale.